MASHINE HAIULIZI, SISI NDIO TUULIZE

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu tu. Si daktari wala mtoto wa daktari. Mama yangu anauza mboga sokoni. Basi mtu atauliza, huyu amepata wapi ujasiri wa kuandika juu ya mashine ya hospitali? Jibu langu ni kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyoka aliyeingia nyumbani kwetu anaitwa bonge la damu kwenye mapafu.

Maoni yangu nayasema mapema ili asiwepo wa kusoma hadi mwisho akinitafuta. Kipimo cha CT cha mapafu si anasa ya matajiri. Kinafaa kupatikana katika kila kaunti, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Lakini mashine peke yake haitoshi. Mashine haimwiti mgonjwa wala haimuulizi kitu. Lazima kwanza mtu afikirie kwamba ugonjwa huu upo, awe ni daktari, nesi, mama wa nyumbani au hata mwanafunzi wa shule ya kutwa kama mimi.

Sasa nisikilizeni. Kaka yangu mkubwa anaendesha bodaboda. Mwezi wa Novemba 2024 aligongwa na gari dogo akavunjika mfupa juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Alifungwa plasta akaambiwa akae nayo wiki sita. Wiki hizo zote alikuwa mtu wa kitandani, nami ndiye niliyekuwa mtumishi wake. Kila alipotaka kuinuka nilimwambia, "Kaa chini bwana, nitakuletea." Nilimletea chai, chakula, redio, hata maji ya kunawa. Nilidhani nasaidia.

Plasta ilitolewa Januari 2025. Shavu la mguu ule lilikuwa limevimba na linauma. Sote tukasema, "Si ni plasta tu, litanywea." Mama akachemsha maji ya chumvi na mimi nikamkanda jioni tatu mfululizo, tena kwa nguvu zangu zote. Siku ya nne alfajiri kaka alikuwa akienda msalani. Akasimama katikati ya ua, akashika ukuta. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima akibeba gunia. Alisema kifua kinamchoma upande wa kulia kila anapovuta pumzi.

Tulimpeleka hospitali ambayo sitaitaja, kwa maana sikuja hapa kushtaki mtu. Tabibu aliweka kipimo chake kifuani, akasikiliza, akasema, "Hii ni nimonia, mama, msiwe na wasiwasi." Picha ya eksirei ya kifua ilitoka safi, lakini dawa za nimonia tulipewa zile zile. Huko nyumbani kila mtu akawa daktari. Jirani mmoja alisema ni vidonda vya tumbo. Mwingine akasema, "Huyo amerogwa na wenzake wa stendi, wanamwonea kijicho." Siku mbili baadaye kaka akazirai mezani.

Katika hospitali ya pili tulikutana na daktari mmoja wa kike, kijana bado. Nakumbuka alilofanya kabla ya kushika kifua. Alifunua blanketi akatazama miguu. Akachukua utepe kama ule wa fundi wa nguo, akapima shavu la mguu huu, kisha la mguu ule. Tofauti ilikuwa sentimita nne. "Kijana," akamuuliza kaka, "mguu huu umekuwa hivi tangu lini?"

Wasomaji wapenzi, hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza. Nasi hatukuwa tumelisema, kwa sababu nani angedhani mguu na kifua ni mambo ya kitabu kimoja?

Daktari yule alimdunga kaka sindano ya heparini saa ile ile, hata kabla ya picha. Kisha akasema inahitajika picha ya CT ili ajue kwa hakika. Hapo ndipo tulipogonga mwamba. Ilikuwa Jumamosi jioni. Mashine ilikuwepo pale hospitalini, mlango wake tuliuona, lakini mtaalamu wake hangerudi mpaka Jumatatu. Ikabidi kaka apelekwe kituo cha watu binafsi upande wa pili wa mji, na kule hakuna kuguswa kabla ya kulipa. Pesa zilizotakiwa mama huzipata kwa kuuza mboga miezi miwili. Waliozichanga ni waendeshaji wa bodaboda, mia mbili mia mbili, kwa M-Pesa, mpaka saa tatu usiku. Naam, wale wale wa stendi waliosemekana wamemroga!

Picha ilionyesha mabonge mawili katika pafu la kulia na moja dogo katika la kushoto. Kaka alilazwa siku tisa, akameza vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu, na leo yuko barabarani akiwabeba baadhi yenu mnaochelewa shule. Siku ya kutoka wodini nilimfuata yule daktari nikamweleza juu ya ile mikando yangu. Nilikuwa natetemeka. Nilimuuliza kama ni mimi niliyelisukuma bonge lile. Alinitazama akasema, "Mguu wenye bonge haukandwi, hiyo ni kweli. Lakini hukujua, na bonge lenyewe lingeweza kung'oka hata bila wewe. Sasa unajua. Waambie wengine." Makala haya ndiyo kuwaambia kwenyewe.

Tuje sasa kwenye somo. Kidato cha pili sote tulichora moyo, tukapaka rangi nyekundu na buluu, tukapewa alama tukasahau. Fungueni tena daftari zile. Damu ya mguuni hupanda kwa vena mpaka vena kuu ya chini, ikaingia upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo husukumwa kwenye ateri ya mapafu. Ateri hiyo inagawanyika matawi, na matawi yanagawanyika vijitawi. Basi bonge likiganda kwenye vena ya mguu na kung'oka, njia yake ni hiyo hiyo. Vena huendelea kupanuka, kwa hiyo bonge hupita bila shida hadi moyoni. Mahali pa kwanza penye njia nyembamba ni mapafuni, na hapo ndipo hukwama. Sehemu ya pafu inakosa damu, mgonjwa anakosa pumzi, na upande wa kulia wa moyo unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Bonge likiwa kubwa, mtu huweza kufa ghafla.

Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow, aliyezaliwa tarehe 13 Oktoba 1821, ndiye aliyeonyesha katika karne ya 19 kwamba mabonge ya mapafuni husafiri kutoka vena za mbali. Mambo matatu yanayohusishwa na jina lake madaktari huyatumia hata leo: damu inayokwenda polepole, ukuta wa mshipa uliojeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi ya kuganda. Mtazameni kaka yangu. Mguu haukusogea wiki sita, hilo la kwanza. Ajali ilijeruhi mguu, hilo la pili. Na mwili ulioumia huongeza uwezo wa damu kuganda, hilo la tatu. Yote matatu yalikuwa kitanda kimoja, nami nikiyaletea chai!

Si wenye plasta pekee walio hatarini. Wamo waliofanyiwa upasuaji, wajawazito na waliojifungua karibuni, wagonjwa wa saratani, wenye selimundu, wanaotumia aina fulani za vidonge vya kupanga uzazi, na hata wasafiri wanaokaa kitini saa nyingi bila kunyoosha miguu.

Je, mashine ya CT inaingia wapi? Eksirei ya kawaida, iliyotokana na uvumbuzi wa Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hutoa picha bapa, kila kitu juu ya mwenzake kama nguo ndani ya sanduku. Mabonge yanaweza kuwemo na picha ikaonekana safi, kama ilivyokuwa kwa kaka. Mashine ya CT ni tofauti. Taa yake ya eksirei humzunguka mgonjwa, na kompyuta hukusanya vipimo vya kila upande ikaunda picha za vipande vipande, kama mkate uliokatwa slesi. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliitengeneza katika kampuni ya EMI, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa huko London mwaka 1971. Kabla ya hapo Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa amekwisha kuandika hesabu za jambo hilo mwaka 1963 na 1964. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Wenzangu mnaosema hisabati haina kazi, mjionee!

Mashine za mwanzo zilikuwa za polepole mno, na mapafu hayakai kimya. Zilipopatikana mashine zinazozunguka mfululizo huku kitanda kikisonga, mambo yalibadilika. Mwaka 1992 Martine Remy-Jardin na wenzake wa Lille, Ufaransa, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mabonge katika ateri kubwa za mapafu yanaweza kuonekana kwa CT. Zamani kipimo cha kutegemewa kilikuwa ni kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa mpaka moyoni na kwenda mbele hadi ateri ya mapafu. Siku hizi ni sindano ya mkononi tu. Mgonjwa hudungwa dawa yenye aidini, kisha huambiwa, "Vuta pumzi, izuie." Kwa sekunde chache ateri zote za mapafu hung'aa nyeupe kwenye picha, kama mti uliopigwa chokaa. Palipo na bonge, dawa haipiti katikati, na panaonekana doa jeusi ndani ya weupe. Nililiona la kaka kwa macho yangu mawili. Yeye mwenyewe anakumbuka joto lililomwenea mwilini dawa ilipoingia. "Nilidhani nimejikojolea," alisema, nasi tukacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Pengine mtasema haya ni matatizo ya watu maskini wa Kenya. La hasha! Mchezaji tenisi Serena Williams wa Marekani alipatwa na mabonge ya mapafu mwaka 2011. Septemba 2017, siku moja baada ya kujifungua mtoto wake kwa upasuaji, pumzi ilianza kumkatika. Kwa kuwa alikuwa ameyaonja, alimwambia nesi anahitaji kipimo cha CT chenye dawa na heparini mara moja. Alivyosimulia katika gazeti la Vogue mwaka 2018, nesi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya akili. Miguu yake ilipimwa kwanza kwa mawimbi ya sauti, isionekane kitu. Hatimaye akapelekwa kwenye CT, na mabonge madogo kadhaa yakaonekana mapafuni. Huyu ni tajiri, yuko Marekani, mashine iko pale pale, na bado ilibidi adai. Sasa mama yangu angedai vipi jambo asilolijua jina lake? Ndiyo maana nasema mashine bila maarifa ni sanduku tu.

Nilipotoa hoja hii kwenye mjadala wa chama chetu Ijumaa moja, sikupigiwa makofi. Mwenzangu mmoja wa kidato cha nne alisimama akasema, "Dispensari yetu haina hata panadoli, na wewe unataka CT!" Ukumbi ukashangilia. Mwingine akaongeza kwamba mashine zikijaa, kila mwenye kikohozi atatumwa kupigwa picha ili watu wale pesa, na mionzi itatumaliza.

Mgala muue na haki umpe. Hoja hizo zina ukweli. CT ya kifua hutumia mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida mara nyingi kabisa. Dawa ya aidini inaweza kuwadhuru wenye mafigo dhaifu, na wengine miili yao huikataa. Isitoshe, mashine yenyewe si mganga asiyekosea. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba CT iliyaona mabonge kwa wagonjwa 83 katika kila 100 waliokuwa nayo, na kati ya wasiokuwa nayo iliwasafisha 96 katika kila 100. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba dalili za mgonjwa zikipingana na picha, inafaa kupima zaidi. Kwa hiyo sisemi kila kifua kinachouma kipelekwe CT.

Nisemalo ni kwamba kuna ngazi, na vipandio vyake vya chini ni vya bei nafuu. Cha kwanza ni maswali: Ulilala kwa muda mrefu? Umefanyiwa upasuaji? Umejifungua karibuni? Mguu mmoja umevimba? Umekohoa damu? Maswali haya hayahitaji umeme. Cha pili ni kufunua blanketi na kutazama miguu, kupima mpigo wa moyo na oksijeni. Cha tatu ni kipimo cha damu kiitwacho D-dimer. Kikitoka chini kwa mtu ambaye daktari hana shaka kubwa naye, bonge huwekwa kando bila picha yoyote. Mjamzito mwenye mguu uliovimba anaweza kupimwa mguu kwanza kwa mawimbi ya sauti. Bonge likionekana huko, tiba inaanza bila CT. Na pale shaka ilipo kubwa, dawa inaweza kuanzishwa wakati picha inangojwa, ikiwa mgonjwa hayuko katika hatari kubwa ya kuvuja damu. Ndivyo alivyofanya yule daktari wetu. Heparini haiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue wala jingine lisizaliwe, na mwili wenyewe hulimeng'enya taratibu.

Lakini ngazi isiyo na kipandio cha juu humwacha mtu hewani. Dawa za kuzuia damu kuganda si peremende. Kumpa mtu miezi mitatu kwa kubahatisha ni kumweka katika hatari ya kuvuja damu bure, na kumnyima kwa kubahatisha huweza kumuua. Hapo ndipo CT inapolipa deni lake. Na kwa yule wa panadoli, namjibu hivi: kaka alinunuliwa dawa za nimonia isiyokuwepo, akazirai, akalazwa siku tisa, na kazi ikasimama. Kukosea ugonjwa pia kuna gharama, ila gharama yake haiandikwi kwenye risiti. Panadoli tuidai na CT tuidai. Mwenye njaa na kiu haambiwi achague moja.

Tena si lazima tuanze kwa kununua mashine mpya. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya kisasa kwa ajili ya hospitali katika kaunti zetu 47. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilitoa ripoti mwaka 2020, na miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni vifaa vilivyokaa bure katika baadhi ya hospitali. Mimi mwenyewe nimesimama mbele ya mlango uliofungwa, mashine ndani na kaka yangu nje. Kwa maoni yangu, shilingi inayofuata iende kwa watu: wataalamu wa mionzi wa kupokezana zamu, dawa ya aidini isiyoisha, na umeme wa akiba. Picha zenyewe zinaweza kutumwa kwa mtandao zikasomwa na daktari bingwa aliye mji mwingine. Hakuna sababu ya bonge la damu kungojeshwa mpaka Jumatatu.

Na sisi wanafunzi je? Tusikae tukiinyooshea serikali kidole tu. Kwanza, chama chetu cha huduma ya kwanza kiongeze somo hili, kwani ni wachache humu ambao hawana mtu wa bodaboda nyumbani. Pili, aliyelazwa na plasta tusimfanye mfalme kama nilivyomfanya mimi. Tumuulize daktari ni mazoezi gani anaruhusiwa, hata kama ni kuchezesha vidole na kuinuka kwa magongo. Tatu, mguu mmoja ukivimba na kuuma tusiukande, tuupeleke hospitali. Nne, pumzi ikikatika ghafla baada ya mguu kuvimba, tumwambie daktari habari ya mguu hata asipouliza. Tuseme wazi, kwa heshima: "Daktari, je, inaweza kuwa bonge la damu?" Akisema siyo, atueleze kwa nini. Kuuliza si ujinga.

Kabla sijaweka kalamu chini, niseme moja. Miaka mitatu kabla ya ajali ya kaka, mama mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na cha mama yangu alifariki siku ya nane baada ya kujifungua. Alikuwa amelalamika mguu, kisha pumzi, kisha akaanguka. Kwenye mazishi tuliambiwa moyo ulisimama, tukaitikia amina. Mtoto wake sasa anatembea, hushindia kibandani kwa nyanya yake. Hakuna picha iliyopigwa, na hakuna atakayejua kamwe kilichomuua. Lakini tangu Januari ile, kila nikimwona mtoto yule nakumbuka swali la yule daktari. Lilikuwa swali la maneno machache, na halikulipiwa hata senti.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.